Maoni ya Watazamaji Kuhusu Chumvi

Jumatatu Kliwon, 2 Septemba

Siku nzuri ya kuanza shajara. Nimeangalia kalenda yetu ya siku tano za soko, inayokwenda sambamba na wiki: Jumatatu ikikutana na Kliwon, mambo yangu hunyooka. Saa mbili asubuhi nikanunua daftari. Saa tatu nikapata aibu.

Wening amerudi kutoka mjini Yogya na filamu yake. Wening ni binti wa mdogo wake mke wangu. Ana miaka ishirini na sita, ananiita Baba Mkubwa na hanisikilizi. Filamu inaitwa Hadi Mafuta Yaishe. Wanawake watano wa kijiji chetu, wote wamevuka hamsini, wanaendesha pikipiki zao kuukuu kutoka huku mlimani hadi ncha ya mashariki ya kisiwa. Siku ishirini na tatu. Wa mbele kabisa ni mke wangu, Ngatirah. Hakuna kampuni nyuma yake. Kuna Wening, kamera ya kuazima na mbuzi wawili waliouzwa. Mmoja alikuwa wangu.

Ametuonyesha sebuleni kwenye kompyuta. Mimi nimo mara mbili! Mara ya kwanza ni mwanzoni. Nimesimama uani na shati la batiki, mkono mmoja kiunoni, nawaaga wasafiri na kuwaeleza tabia za kabureta kwenye miinuko. Dakika nne. (Nilizungumza thelathini na tano, lakini najua filamu zina utaratibu wake.) Sauti nzito. Nimejipenda sana.

Mara ya pili sionekani. Nasikika tu. Siku ya tisa ya safari, wako kituo cha mafuta, simu ya Ngatirah inaita, anaiweka kwenye spika. Ni mimi. Nauliza chumvi iko wapi. Ananijibu. Inaita tena. Nauliza sukari. Inaita tena. Vibanio vya nguo. Mara ya nne nauliza chumvi upya, halafu nanyamaza, lakini sikati simu. Inasikika sauti ya mtu anavuta kamasi. Wanawake wanne wanacheka mpaka mmoja anakaa chini kwenye saruji. Ngatirah hacheki. Anaiambia kamera kwamba najua chumvi ilipo. Iko pale pale tangu tuoane, miaka thelathini na moja.

Sikujua kuna kamera! Na nilikuwa na mafua.

Jumanne Legi, 3 Septemba

Nimemwita Wening kando. Nikamweleza kwa utulivu kwamba kipande cha chumvi hakina faida kwa jamii. Akasema kumbe nimemrahisishia. Tamasha la filamu la Yogya limemkubali, ila filamu isizidi dakika tisini, na yake ina tisini na nne. Lazima kitu kitoke. Nikamwambia basi atoe chumvi, dakika nne kamili. Akasema hata kabureta ni dakika nne kamili.

Nikajuta kuzitaja dakika.

Ameamua watazamaji ndio waamue. Jumamosi filamu itaonyeshwa kwenye uwanja wa voliboli, juu ya kitambaa cheupe, kijiji kizima. Kila mtu atapewa kadi ya maoni. Ulipenda wapi? Pakatwe wapi? Atahesabu, na kitakachochukiwa kitaondoka. Hivi ndivyo ilivyo: ama Yogya watamwona mtu mzima mwenye maarifa, ama watamsikia mtu mzima anayelilia vibanio.

Na siri imeshatoka. Asubuhi kwenye kibanda cha kahawa, Pak Darmaji, yaani Bwana Darmaji, aliniuliza mbele ya watu kama chumvi imepatikana au tuunde kamati. Darmaji ni mwenyekiti wa mtaa wetu. Anakodisha spika za harusi na anauza petroli ya chupa kando ya barabara. Naye yumo kwenye filamu, sekunde sita, anamjazia mke wangu tangi. Kinachoonekana zaidi ni kitambi. Lakini anawaambia watu kwamba hapo ndipo filamu inapoanza kuwa na maana. Sasa kila akiniona ananiita Mzee Chumvi, na wengine wameanza kumwiga.

Nilimwomba Ngatirah azungumze na Wening. Akasema filamu si yake, na tena kile kipande anakipenda. Nikamuuliza anakipendea nini. Akanisogezea sahani. Akasema, "Kula, Baba Retno, mboga inapoa." Retno ni binti yetu.

Alhamisi Pon, 5 Septemba

Kampeni. Nimepita nyumba kumi na tisa. Kila nyumba kahawa, kila nyumba ndizi ya kukaanga, kila nyumba nimeeleza kwamba taifa linahitaji elimu ya kabureta. Wote wakasema ndiyo, Pak Harsoyo, ndiyo, ndiyo. Bu Semi, yaani Bibi Semi, mjane wa kule juu, alisema ndiyo mara tatu kabla sijakaa. Nikarudi nyumbani nimefurahi. Halafu nikaanza kufikiri. Huku kwetu kuna ndiyo za aina nyingi, na hii ilikuwa ile ya kumtoa mgeni barazani bila kumvunjia heshima. Mimi mwenyewe nimeitumia kwa watu wa bima.

Na tumbo linaniuma kwa ndizi.

Kwa hiyo, mpango! Nimejitolea kuchapisha kadi. Wening alishukuru sana, maskini. Nimefikiri hivi: hakuna mtu katika kijiji hiki anayejaza karatasi bila zawadi. Kila Agosti, kwenye sikukuu ya uhuru, tunatembea kilomita tano za matembezi ya afya, hata wenye magoti mabovu, kwa sababu ya kuponi ya droo. Basi kadi zangu zitakuwa na namba. Upande mkubwa maoni, upande mdogo kishina, katikati mstari wa kuchania. Atakayejaza maoni ataingia kwenye droo. Na chini ya kila kadi nimechapisha mfano, ili kuwasaidia wazee: "Nilipenda hotuba ya Pak Harsoyo. Ikatwe chumvi." Mfano tu!

Zawadi ni sufuria ya umeme ya kupikia wali. Mpya, iko ndani ya boksi juu ya kabati. Ngatirah aliinunua mwaka jana na anaitunza mpaka ile ya zamani ife. Hataikosa. Kwa sababu nitaishinda mwenyewe. Namba 88, kishina chake nimekikunja pembe, na atakayechota kutoka kwenye sanduku nitakuwa mimi.

Wakati mwingine najiogopa.

Ijumaa Wage, 6 Septemba

Wage si siku yangu. Nimekaa ndani, sikugusa kitu.

Jumapili Legi, 8 Septemba

Lazima historia iandikwe.

Jana walikuja watu mia tatu. Nusu ya uwanja imejaa vichanja vya tumbaku inayokaushwa, basi watu wakabanana kwenye nusu iliyobaki, na walioona upepo ni mkali wakaenda kukaa nyuma ya kitambaa, wakatazama filamu ikiwa imegeuka. Spika za Darmaji. Kabla ya kuanza alijitambulisha mara mbili.

Ilipofika hotuba yangu, muuza bakso, ile supu ya mipira ya nyama, aligonga bakuli lake. Uwanja mzima ukainuka kununua. Dakika nne nzima! Nilisimama nikapunga mikono. Mtu akaniambia nikae, namzuia asione, na huku anaangalia bakuli lake.

Baadaye kikaja kipande cha mjini Blitar, ambapo Ngatirah anawasha taa ya kushoto kisha anakata kulia. Kelele! Kila mwanamume alimnyooshea mkewe kidole. Wanawake wakajibu kwamba wa nyuma ndiye anayetakiwa kukaa mbali. Waliokuwa nyuma ya kitambaa wakaapa kwamba aliwasha ya kulia akakata kushoto. Wakabishana na wa mbele mpaka gari zima la mpunga lilipopita kwenye filamu. Mwisho wakakubaliana kwamba vyovyote iwavyo alikosea. Ngatirah alikuwa amekaa kwenye mkeka na wenzake, anafuta machozi ya kicheko.

Halafu chumvi. Walicheka sana. Kisha, nilipokuwa nimenyamaza kwenye ile simu, nao wakanyamaza. Sikutarajia. Uwanja mzima kimya, tumbaku inanukia, na mimi navuta kamasi kwenye spika nane kubwa. Karibu yangu mtu akapenga pua. Nikajiambia mafua yameingia kijijini.

Sasa sikilizeni. Filamu imekwisha, kadi zimejazwa, Wening amefungua sanduku. Vishina! Vishina mia tatu, vimekunjwa vidogo vidogo kama sambusa. Hakuna oni hata moja! Wote walikuwa wamechana kwenye mstari, wakatumbukiza kishina, wakabaki na kipande kikubwa mkononi cha kulinganishia namba. Ndivyo tunavyofanya kila Agosti. Hata mimi ningefanya hivyo. Mia tatu wamesimama mbele yangu, maoni wameyashika kifuani, wanasubiri namba.

Nikaeleza kwamba kipande kikubwa ndicho tunachokihitaji. Wakasema ndiyo, Pak, taja namba. Nikaeleza tena. Mtu wa nyuma akapiga kelele kwamba nataka kuwalia sufuria. Nikaingiza mkono haraka kutafuta pembe iliyokunjwa. Zote zilikuwa zimekunjwa! Darmaji akanisogeza kwa upole, akasema katika mtaa wake droo huchezeshwa na mwenyekiti, kwa uadilifu. Akafumba macho. Akachota 141. Akafungua macho. Akatoa kadi yake mfukoni.

Yeye mwenyewe!

Aliondoka na boksi kichwani. Lilipita mbele ya mkeka wa Ngatirah. Akalitazama boksi, akanitazama mimi, akalitazama boksi. Mpaka sasa hajasema kitu. Nyumba ni kubwa sana mtu asiposema kitu.

Jumatatu Pahing, 9 Septemba

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya maoni. Watu hawataki kuyatoa. Wanaamini kuna zawadi ya pili. Mmoja amefungia tempe, ile soya iliyochachushwa, mwingine ameziba tundu la panya. Nimepata kumi na moja. Tisa yameandikwa "Naomba sufuria." Moja: "Bahari ilikuwa nyingi mno, nilibanwa na mkojo." Moja: "Picha nzuri ila mbona hakuna mzimu?" Ule mfano wangu wa chini hakuna aliyeusoma.

Wening anaondoka Ijumaa. Nifanyeje? Nimejifungia chumbani tangu adhuhuri na kadi arobaini zilizobaki. Nimeandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto, kwa mwandiko wa mkulima aliyechoka, kwa mwandiko wa bibi asiyeona vizuri. Kazi ya sanaa. "Hotuba ile imebadilisha maisha yangu. Mkulima." "Sikuwahi kuelewa kabureta hadi Jumamosi. Mama wa watoto watatu." "Yule mwanamume mwenye batiki apewe filamu yake." Moja nimeweka "Kitambi cha muuza petroli kipunguzwe," kwa ajili ya haki. Kalamu ya bluu iliisha kwenye kadi ya pili, nikaendelea na ya kijani.

Ngatirah aligonga mlango akaacha sahani ya chakula. Tempe, mboga, wali. Uliopikwa kwenye sufuria ya zamani, ambayo leo imeanza kutoa moshi.

Jumanne Pon, 10 Septemba

Wening alisoma kadi zangu zote arobaini kwa adabu kubwa, moja moja. Halafu akauliza, Baba Mkubwa, hawa watu waliazimana kalamu? Nikasema huo ndio ushirikiano wa kijijini kwetu. Akafunika uso kwa kadi. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Alipotulia akasema hana haja ya kadi tena. Asubuhi ya jana na ya leo alikuwa shambani kwa wanawake wanaotandaza tumbaku kwenye vichanja. Aliwaambia wazi kwamba anarekodi, akatundika kinasa sauti kwenye uzio, na baada ya dakika kumi wakakisahau. Kule hakuna ndiyo za adabu. Mikono ina kazi, midomo iko huru. Akanipa vifaa vya kuvaa masikioni, akaniambia nisikilize maoni ya watazamaji.

Mmoja alisema makalio yalimuuma kwa kutazama tu. Mwingine alisema ana pikipiki miaka kumi na mbili, inajua soko na shule basi, lakini jana alikwenda sokoni kwa barabara ndefu, ya kuzunguka mlima, na akarudi kwa hiyo hiyo. Wakamzomea kwa furaha. Wa tatu aliuliza hotuba gani, kulikuwa na hotuba?

Halafu Bu Semi. Sauti yake naijua, ile ya ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alikuwa anaongea taratibu. Alisema marehemu mumewe alikuwa mtu wa mpango, kila kitu cha nyumbani alijua kilipo. Yeye alipolazwa mjini wiki mbili, mume hakupiga simu hata mara moja. "Hakuwa mbaya," akasema. "Hakuwa na cha kuuliza tu. Nami nililala pale naitazama simu." Kisha akasema Ngatirah aliitwa mara nne siku moja, na kama yule mzee angepiga ya tano, yeye Bu Semi angelia palepale uwanjani. Baada ya hapo kinasikika kichanja kinaburutwa.

Niliomba kusikia tena. Wening akanipa. Niliomba mara ya tatu, nikasema betri inakwaruza.

Nilijisikia vibaya, halafu vizuri, halafu vibaya zaidi. Nilikuwa nimejua siku zote kwa nini napiga zile simu. Nyumba ilikuwa imejaa vitu, na kila nilichokishika kilikuwa mahali pake, isipokuwa yeye.

Nilikwenda jikoni. Nikamwambia Ngatirah kwamba sufuria niliichukua mimi. Akasema anajua. Nikamwambia siku ile ya simu sikuwa na mafua. Akasema hata hilo analijua, ila anataka sufuria yake.

Jumatano Wage, 11 Septemba

Imeamuliwa. Chumvi imebaki. Hotuba imetoka yote. Nimebaki sekunde moja ya bega la kushoto wakati Ngatirah anatoka getini. Nimemwambia Wening nimekubali kama mwanamume, na nimemwomba tu abakize sentensi ya kwanza. Amekataa. Ya mwisho? Amekataa. Kitambi cha Darmaji kimebaki sekunde zote sita!

Nilikwenda kwake kuomba sufuria. Nilimpa jogoo, hakutaka. Alitaka nitangaze kwenye spika zake kwamba sekunde zake ndizo moyo wa filamu. Nikatangaza. Vijiji vitatu vilisikia. Mzee mmoja wa kijiji cha bondeni alipiga simu kuuliza nani amefariki.

Nimeirudisha sufuria nyumbani nikiwa nimeikumbatia mbele kwenye pikipiki. Ina ukoko chini, mke wa Darmaji ameshaipikia. Ngatirah ameisugua jioni nzima, na katikati ya kusugua akaanza kucheka peke yake. Nikauliza nini. Akasema, "Nani amefariki," akashindwa kuendelea. Nimefurahi mno kusikia kicheko chake kiasi kwamba sikukasirika.

Jumapili Pon, 15 Septemba

Wameondoka tangu Ijumaa kwenda Yogya, wanawake wote watano, kwa pikipiki, na Wening nyuma ya mke wangu. Niko na mbuzi. Nimempigia Ngatirah mara chache tu, kwa mambo ya msingi.

Leo mchana amenipigia yeye. Ukumbi ulijaa jana, wengine wakakaa kwenye ngazi. Zawadi hawakupata, imekwenda kwa filamu ya mtu anayetazama kisima. Lakini watazamaji waliandika maoni, kadi sanduku zima, na kalamu tofauti. Akanisomea akiwa amesimama nje. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba atampigia mama yake leo hii. Mwanamume mmoja ameandika kwamba wanawake wa umri ule wakae nyumbani. Ngatirah alisema hiyo aliisoma akiwa amevaa helmeti. Mmoja anauliza bei ya pikipiki yake.

Na moja, haina jina. "Yule mzee wa nyumbani, hajambo?"

Akaniuliza amjibu nini. Halafu akanyamaza. Wala hakukata simu. Nyuma yake nilisikia magari ya Yogya na wenzake wakimwita twende, naye hakwenda. Alikuwa anangoja.

Hatimaye! Mtazamaji, tena wa mjini, msomi bila shaka, anataka kunisikia zaidi! Nikamwambia Ngatirah amweleze huyo mtu kwamba jibu litakuja kwa maandishi. Akasema kadi zinabandikwa ukumbini, na jibu limeachiwa mstari mmoja tu chini ya kadi. Mstari mmoja! Akasema yeye binafsi angetosheka na neno moja, na si lazima lihusu pikipiki. Sikumwelewa. Nikamwambia asinisumbue nimeanza kuandika, nikakata.

Niko ukurasa wa tisa sasa. Imekaa vizuri sana. Nimeshamaliza kabureta, naingia kwenye plagi.